Mtoto Hupakatwa Barazani, Garini Hufungwa

Sisi watu wa pwani tuna neno moja tulipendalo sana, nalo ni kupakata. Mtoto akizaliwa hupakatwa, akilia hupakatwa, akiumwa na homa hupakatwa, na hata akirudi chuoni amechapwa fimbo moja na mwalimu, mahali pake pa kwanza pa kukimbilia ni mapajani mwa nyanya yake. Mapaja ya wazee wetu ndiyo kitanda chetu cha kwanza, na wengi wetu hadi leo tukikumbuka harufu ya asumini na udi, hukumbuka mapaja hayo. Basi leo nataka kusema neno ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji wangu, hasa mama zetu: mapaja hayo, pamoja na baraka zake zote, si mahali pa mtoto ndani ya gari liendalo.

Maarifa haya sikuzaliwa nayo. Nimefunzwa na binti yangu mwenyewe, na nimefunzwa nikiwa nimeshaota mvi.

Binti yangu huyo ameolewa Dubai. Katika Mfungo Mosi alikuja nyumbani Mombasa kwa Idi pamoja na watoto wake wawili, wa kike wa miaka 7 na wa kiume wa miaka 4. Alipotoka pale uwanja wa ndege wa Moi akisukuma mizigo miwili mikubwa, mama yake aliniminya mkono kwa furaha akidhani ni zawadi zetu. Kumbe ni viti! Kimoja kikubwa chenye mgongo, mabawa na mikanda yake mwenyewe, cha yule mvulana. Na kimoja ni kikalio cha kumwinua mtoto ili mkanda wa gari umkae sawa, ambacho wenye maduka hukiita busta, cha yule msichana. Tulicheka sana siku ile. Tuliona ni mambo ya ughaibuni, ya watu waliosahau walivyolelewa.

Siku ya tatu tukawa na safari ya Malindi kwenye harusi. Gari langu ni dogo, mtumba wa Kijapani, lenye nafasi ya watu watano. Nami dereva, mke wangu mbele, nyuma binti na wanawe, na dada yangu mkubwa, yaani shangazi yake, naye ajenda. Hesabu haikutimia. Nikatoa shauri nililoliona la busara: kile kiti kikubwa kibaki nyumbani, mvulana ameshakuwa mkubwa, na akalie busta ya dada yake, msichana akae hivi hivi, na watu wazima wawili wabanane kando yao. Dada yangu akatoa shauri jepesi zaidi, kwamba mvulana atampakata yeye.

Binti alikataa yote mawili. Alikataa kwa adabu, lakini alikataa. Alisema mvulana ana kilo 16, bado hajafikia kilo za kutoka katika kiti chake, na msichana bado hajafikia kimo cha kuacha busta. Dada yangu akachukia. "Nyinyi nyote tumewalea mapajani," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyekufa." Binti akamjibu maneno ambayo tangu siku hiyo hayajanitoka: "Shangazi, nisamehe. Lakini waliokufa hawakubaki barazani watusimulie."

Dada yangu akapanda gari la binamu zetu, akanuna hadi Malindi.

Tulipopita Mtwapa, mbuzi alikurupuka majanini akakata barabara. Sikuwa katika mwendo wa wazimu; nilikuwa katika kilomita 60 kwa saa. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote, na mbuzi akaokoka. Lakini kopo la halua la kilo 2, tulilokuwa tumeliweka juu ya rafu nyuma ya vichwa vya watoto, liliruka katikati ya viti, likapiga dashibodi na kupasuka. Hatukugonga kitu, ilikuwa breki tu. Nikageuka nyuma huku moyo unanidunda. Watoto walikuwa pale pale walipofungwa. Mvulana akaniuliza, "Babu, yule mbuzi ameumia?" Nami niliitazama halua ile iliyotapakaa, nikafikiri kilo 2 zimefanya hivi, je, kilo 16 mapajani mwa mwanamke wa miaka 70 zingefanya nini?

Ndugu msomaji, jambo hili si la hisia tu, ni la hesabu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, mtu aliyemo ndani asiyefungwa huendelea mbele kwa kasi ile ile, na kishindo chake ni sawa na kuanguka chini kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Nani kati yetu angemrusha mwanawe kutoka kilele cha mnazi akatarajia kumdaka? Gari likisimama ghafula katika nafasi ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 huvuta kama mzigo wa kilo 200, yaani magunia manne ya mchele ya kilo 50 kila moja. Hakuna mikono ya mama, hata iwe na mapenzi kiasi gani, iwezayo kushika mzigo huo. Na wale wanaojifunga mkanda mmoja wao pamoja na mtoto mapajani, wao wamezidisha hatari, kwa maana mwili wa mama hugeuka jiwe la kusagia, na mtoto huwa ndiye nafaka kati yake na mkanda.

Kosa hili la kuyaamini mapaja si la Waswahili peke yao. Huko Marekani, jimbo la Tennessee ndilo la kwanza kupitisha sheria ya kuwafunga watoto wadogo katika viti vyao garini, mwaka 1977, kwa juhudi za daktari wa watoto aliyeitwa Robert Sanders. Lakini wabunge wakaitia sheria ile tundu: mtoto akipakatwa na mtu mzima, hakuna kosa. Yaani mapenzi ya mapajani yaliishinda hesabu hata kwao. Ilipofika 1981 tundu lile likazibwa, baada ya kuonekana kwamba watoto waliokuwa wakipakatwa hawakuwa salama hata kidogo. Kama wao walijifunza kwa kupata msiba, sisi tuna udhuru gani wa kungoja msiba wetu?

Na tujue kwamba mkanda wa gari haukutengenezwa kwa ajili ya mtoto. Mkanda huu wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Msweden Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, naye alipima mwili wa mtu mzima. Siri yake ni kwamba unashika mifupa: chini unashika nyonga, juu unashika mtulinga na kifua. Mtoto mdogo nyonga zake bado hazijakomaa na kimo chake bado hakijafika. Ukimfunga mkanda mtupu, sehemu ya chini hupanda ikakaa tumboni, palipo matumbo na ini, na sehemu ya juu humkata shingoni. Gari likigonga, mkanda uliotakiwa kumwokoa humjeruhi matumbo na uti wa mgongo. Ndiyo sababu ya busta. Busta haina uchawi wowote. Kazi yake ni kumwinua mtoto ili mkanda wa mtu mzima ukute mifupa badala ya kukuta nyama.

Sasa tuingie katika swali ambalo mimi na binti yangu tulitofautiana, nalo ndilo swali la wazazi wengi waliokwisha kununua viti: je, mtoto ahame lini kutoka kiti kimoja kwenda kingine? Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kuhama ni kupandishwa cheo. Mvulana akitimiza miaka 3, baba hujivuna, "Huyu sasa mkubwa, atoke katika kiti cha kitoto." Ukweli ni kinyume chake. Kila hatua mtoto anayohama garini, kinga yake hupungua kidogo. Anayetazama nyuma analindwa zaidi ya anayetazama mbele; aliyefungwa mikanda ya kiti chake analindwa zaidi ya aliyeinuliwa kwa busta; na aliye katika busta analindwa zaidi ya aliyeachiwa mkanda mtupu. Basi hakuna sifa katika haraka.

Hatua ya kwanza ni mtoto mchanga, naye hukaa akitazama nyuma ya gari. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo inayokibeba bado ni gegedu. Akitazama nyuma, kishindo huenea mgongoni kote badala ya kuivuta shingo. Kanuni mpya za Umoja wa Mataifa za viti vya watoto zinataka abaki hivyo hadi miezi 15 kwa uchache, na madaktari wa watoto wa Marekani husema abaki hivyo kwa kadiri kiti chenyewe kinavyoruhusu, hata apite miaka 2.

Hatua ya pili ni kutazama mbele akiwa amefungwa mikanda ya kiti chenyewe, ile ya ncha tano inayopita mabegani, nyongani na katikati ya mapaja. Hapo ndipo alipo mjukuu wangu, na hapo ndipo nilipotaka kumtoa kabla ya wakati wake. Dalili za kwamba mtoto amekimaliza kiti hiki ni tatu: uzito wake umepita kiasi kilichoandikwa katika kibandiko cha kiti, au mabega yake yamepita matundu ya juu kabisa ya mikanda, au ncha za masikio yake zimefika juu ya mgongo wa kiti. Kabla ya hapo, aachwe.

Hatua ya tatu ndiyo busta. Madaktari wengi hawapendi mtoto aingie humo kabla ya miaka 4 na kilo 18 hivi. Lakini kuna sharti jingine ambalo mizani haiwezi kulipima, nalo ni tabia. Kitini mwa kwanza mtoto hushikwa na mikanda, atake asitake; katika busta hushikwa na utii wake. Je, anaweza kukaa wima kutoka Mombasa hadi Malindi, kilomita kama 120, bila ya kuutoa mkanda begani akaupitisha nyuma ya mgongo, bila ya kuteleza akalala upande ili amchungulie ng'ombe? Ikiwa hawezi, basi hata akiwa na kilo 20 bado hajawa wa busta. Na busta yenyewe yataka mkanda wa kupita begani na kiunoni. Mkanda wa kiunoni peke yake haufai nayo.

Hatua ya mwisho ni kuacha busta, na hii ndiyo inayokimbiliwa kuliko zote, kwa sababu mtoto mwenyewe huona haya mbele ya wenzake. Waingereza wameweka katika sheria yao miaka 12 au kimo cha sentimita 135, lolote litakalotangulia. Madaktari wa Marekani wanapendekeza kiasi cha sentimita 145, kimo ambacho watoto wengi hukifikia kati ya miaka 8 na 12. Lakini hata pasipo futi ya fundi cherehani, mzazi anaweza kupima. Mkalishe mtoto bila ya busta, mgongo umeegemea sawasawa. Je, magoti yanapinda penye ukingo wa kiti? Je, mkanda wa chini umelala juu ya mapaja badala ya tumboni? Je, mkanda wa juu umepita katikati ya bega, haukati shingo wala hauanguki mkononi? Je, anaweza kubaki hivyo safari nzima? Likikosekana moja, arudi katika busta, tena bila ya kuaibishwa. Na wakati wote huo mahali pake ni nyuma, hadi atimize miaka 13. Na yule mchanga anayetazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa ulio hai, kwa sababu mfuko huo hufumuka kwa nguvu iwezayo kumuua.

Najua jawabu litakalotoka barazani, kwa kuwa nami nimeketi baraza hizo hizo. Patasemwa: ajali haina kinga. Methali hii ni ya kweli, lakini tunaitumia pasipo pake. Neno ajali katika asili yake ya Kiarabu ni muda uliowekwa, siku ya mja iliyoandikwa na Mola wake. Ajali hiyo kweli haina kinga, wala hakuna Muislamu awezaye kuipinga. Lakini sisi tumelichukua neno hilo hilo tukaliita mgongano wa magari, breki mbovu, na dereva mwenye usingizi. Kisha tukavipa vitu hivyo heshima ya kudra. Mgongano una kinga. Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto hupunguza vifo vya watoto wachanga katika migongano kwa kadiri ya asilimia 70, na kwamba misiba ya barabarani ndiyo inayoongoza ulimwenguni kuua watu walio kati ya miaka 5 na 29. Kile kisa cha bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga, kila mmoja wetu amekisikia msikitini tangu utotoni. Itakuwaje ngamia tumfunge, na mtoto, aliye amana kubwa kuliko ngamia, tumwache?

Wengine watasema, haya ni maneno ya wenye magari, sisi twapanda matatu. Nami nakiri kwamba ndiyo hali ya wengi. Tangu Februari 1, 2004, kwa amri za Waziri John Michuki, mikanda imekuwa lazima katika matatu, na tunakumbuka jinsi nchi nzima ilivyojifunga siku zile. Basi anayepanda matatu na mtoto mkubwa kidogo amlipie nauli, amkalishe peke yake katika kiti cha nyuma ya dereva au cha kati, amfunge mkanda ukiwa chini kabisa nyongani, wala asifungwe wawili katika mkanda mmoja. Si kinga kamili, lakini ni bora kuliko kusimamishwa katikati ya magoti ya abiria. Ama bodaboda na tuktuk, humo hakuna kiti wala mkanda wa kumfaa mtoto, na njia pekee ya kumlinda ni kuchagua chombo kingine kwa safari ya barabara kuu.

Kwa wenye magari udhuru ni mdogo zaidi. Magari yetu mengi yanashuka bandarini kutoka Japani, nchi ambayo tangu mwaka 2000 sheria yake yadai kiti kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 6. Gari linafika na mikanda yake mizima. Sisi ndio tunaolivisha vitambaa vya viti vya urembo na kuzifukia klipu za mikanda chini yake. Anayesoma haya leo na aende akazifukue. Na anayenunua kiti cha mtumba auulize historia yake: kiti kilichowahi kugongwa hakifai hata kikiwa chang'aa, na kile kisicho na kibandiko wala tarehe ni afadhali kukiacha.

Bei yake si ndogo, hilo ni kweli. Lakini sisi ni watu wa kuchangiana. Mtoto akifika siku 40 tunamletea mablanketi hata mama hajui pa kuyaweka. Katika akika tunachinja na kupika pilau kwa mtaa mzima. Kwa nini jamaa wasikusanyike, shangazi, wajomba na makungwi, kila mtu akatoa kidogo, wakampa mzazi kiti cha mtoto? Na kiti kikishamaliza kazi bila ya kugongwa, na muda wake ungalipo, kihamie kwa mtoto mwingine wa ukoo, kama vinavyohama vitanda vya watoto.

Dada yangu, yule aliyenuna, alifika Malindi kabla yetu, kwani sisi tulichelewa kufuta halua. Alipoliona lile kopo lililopasuka aliligeuzageuza mkononi, asiseme neno. Kisha alimchukua yule mvulana, akaketi naye mkekani, akampakata tangu magharibi hata harusi ilipokwisha, na mtoto akalala pale pale. Hapo ndipo mahali pa mapaja. Wakati wa kurudi, bila ya kuambiwa, ndiye aliyemwamsha na kumpeleka garini, akauliza, "Hivi mikanda yenyewe yafungwaje?"